Mzazi Apewe Jembe: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Shule ya Msingi

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule, ndugu mwalimu mkuu, ndugu afisa elimu kata, ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, walimu wenzangu, wazazi na walezi. Wazee wangu mlioketi pale chini ya mwarobaini, shikamooni. Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Kamati imeniomba nizungumzie wazazi kujitolea shuleni. Nimekubali kwa moyo mweupe, maana sehemu kubwa ya utumishi wangu nimefundisha darasa la kwanza na la pili, na sasa nimestaafu nina mjukuu hapa hapa shuleni. Kabla sijaendelea niwaondoe hofu. Najua mtoto akirudi nyumbani na barua ya mkutano wa wazazi, swali la kwanza ni hili: safari hii shilingi ngapi? Leo hakuna shilingi. Leo naomba muda wenu, na wala si muda mwingi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule zetu za msingi mzazi amekaa mgeni miaka na miaka. Anakaribishwa siku ya kuandikisha mtoto, anakaribishwa mkutanoni, anakaribishwa kwenye mahafali ya darasa la saba, anapewa kiti na soda, anaagwa. Jembe hajapewa. Na mtu ambaye hajapewa jembe hatuna haki ya kumlaumu kwamba halimi. Mimi nasimama hapa kuomba mzazi apewe jembe: kazi yenye jina, yenye siku na saa, ambayo akikosa kuja inaonekana kwamba amekosekana.

Wazee waliopo wanajua haikuwa hivi siku zote. Novemba 1974, kwenye Azimio la Musoma, chama tawala cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, wakati mpango wa awali ulikuwa 1989. Yaani ile kazi ya miaka kumi na mitano ifanywe kwa miaka mitatu. Madarasa hayakuwepo, walimu hawakuwepo. Watu wakafyatua tofali, wakakata miti na nyasi, wakajenga. Ndani ya miaka michache idadi ya watoto shuleni ikapanda zaidi ya maradufu, na wengi waliosimama mbele yao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kazi wakiwa kazini, wale tuliowaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Ubora ulipata shida, hilo sitalificha. Lakini shule ilikuwa na alama ya mikono ya watu wake, na mtoto alijua tofali zile baba yake alizibeba. Ulipokuja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, serikali ikaleta fedha za kujengea na wananchi wakaleta mawe, mchanga na maji. Shule nyingi mnazopita nazo barabarani zilisimama hivyo.

Kisha Januari 2016 ikaanza elimu bila malipo. Nilikuwa kazini. Niliona kwa macho yangu watoto ambao majina yao yasingeandikwa kamwe, watoto wa akina mama wauza mihogo na wabeba zege, wamesimama foleni kuandikishwa darasa la kwanza. Lile lilikuwa jambo kubwa na la haki, na mtu asidhani nalibeza. Ila pamoja nalo likaingia wazo jingine kimyakimya, kwamba serikali sasa imechukua yote na mzazi amebaki kushona sare. Hata waraka wa wizara wa mwaka ule ule haukusema hivyo. Ulieleza wazi kwamba mzazi anabaki na sare, madaftari na chakula cha mtoto wake, na jamii inabaki na nguvu zake. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka, na ndani yake shilingi 4,000 ni za vitabu. Zilizobaki ndizo za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mambo mengine yote. Kila mmoja wetu apige hesabu mwenyewe akiwa nyumbani.

Na kwa kuwa nimetaja fedha, niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Mnakumbuka Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, kwa sababu watoto walikuwa wanafukuzwa darasani kwa kukosa hela. Kujitolea kusigeuzwe mlango wa nyuma wa kuirudisha ile hali. Asitokee mtu akasema mzazi asiyekuja Jumamosi kwenye usafi alipe faini, au mtoto wake asimame nje. Siku hiyo kazi hii itakuwa imekufa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuikataa.

Sasa niwaingize darasani, kwa sababu hapo ndipo penye shida yenyewe.

Chukueni darasa la kwanza lenye watoto 100. Hapa Temeke hakuna atakayeniambia nimetia chumvi. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Gawanyeni kwa watoto 100: kila mtoto anapata sekunde kumi na nane za mwalimu wake, tena kama mwalimu hakuandika ubaoni, hakuita mahudhurio, hakuamua ugomvi wa penseli. Sekunde kumi na nane hazitoshi mtoto kusoma sentensi moja kwa sauti, akakosea, akasahihishwa, akarudia. Na kusoma hakuji kwa njia nyingine. Mtoto lazima asome kwa sauti mbele ya mtu anayemsikiliza. Akiimba na wenzake "ba, be, bi, bo, bu" anaweza kuwa anafuata midomo ya jirani yake mwezi mzima, na mwalimu asijue. Nimewapokea darasa la pili watoto wa namna hiyo, wengi, wenye akili zao timamu. Ukiwafungulia kitabu wanakisema chote kwa kichwa, ukiwaonyesha neno moja peke yake hawalijui.

Tatizo hili si la shule yetu peke yake. Uwezo, ule mpango wa shirika la Twaweza ulioanza kupima watoto Tanzania mwaka 2010, ulikuwa unatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka baada ya mwaka ripoti zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kuisoma. Na sasa muda umepungua. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watahitimu pamoja. Mtoto aliyefika darasa la tatu bila kusoma alikuwa na miaka minne ya kufukuzana na wenzake. Wanaofuata wana mitatu.

Nani atamsikiliza huyu mtoto? Mwalimu mmoja hawezi, hata awe na moyo wa namna gani. Lakini lugha yetu imetupa neema moja kubwa. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba, muuza genge, kondakta, fundi cherehani, anaweza kukaa na watoto watano chini ya mti, kila mmoja na kitabu chake, akamsikiliza mmoja baada ya mwingine na kumrudisha pale aliporuka silabi. Hafundishi. Kufundisha ni kazi ya mwalimu, na mwalimu ndiye anayempangia watoto gani, ukurasa gani, silabi zipi. Yeye anasikiliza. Wazazi wanne wakifanya hivyo kwa dakika arobaini, watoto ishirini wamesikilizwa mmoja mmoja asubuhi ile, kila mmoja dakika nane. Linganisheni na zile sekunde kumi na nane.

Nitawapa ushahidi kutoka mbali, kwa sababu unanigusa sana. Nchini India kuna shirika linaloitwa Pratham, na njia ile ya Uwezo ya kupima watoto nyumbani ilitokana na kazi yao. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, walishirikiana na wenzao na Pratham kujaribu mambo matatu katika vijiji mbalimbali. Vijiji vingine waliitisha mikutano, wakawaeleza wazazi haki zao na kazi za kamati ya shule. Vingine wakaongeza: wakawafundisha wanakijiji kupima watoto wao wenyewe na kujaza kadi ya matokeo ya kijiji. Vingine wakaongeza tena jambo moja: wakawapa vijana wa kijiji mafunzo mafupi ya kufundisha kusoma, wakawaacha waendeshe makundi ya kusoma nje ya saa za shule.

Mikutano haikubadilisha kitu. Hata ile kadi ya matokeo, ambayo iliwaonyesha wazazi waziwazi kwamba watoto hawajui kusoma, haikuwafanya waifuatilie zaidi shule ya serikali. Kilichobadilisha ni yale makundi. Watu walijitokeza kufundisha bila malipo, na watoto waliohudhuria wakasonga mbele katika kusoma.

Ndugu zangu, mimi nimehudhuria mikutano ya wazazi kwa miaka mingi, na nilipoelezwa habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Tumekuwa tukiwaita wazazi kuwaambia. Tunawaambia ufaulu umeshuka, tunawaambia utoro umezidi, tunawaambia watoto hawana nidhamu. Wanasikiliza, wanasikitika, wanaondoka, na wana haki ya kuondoka, kwa sababu hatukuwaambia kesho asubuhi wafanye nini. Mzazi anampenda mtoto wake na anaona aibu akifeli. Anachokosa ni mahali pa kushika.

Na nawaambia wale ambao hawakubahatika kusoma, hasa bibi zangu mlioko hapa: msidhani nimewaacha. Darasa la awali lina njaa ya kitu ambacho ninyi mnacho na vijana wengi wameanza kukipoteza. Mtoto hawezi kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia. Kabla ya herufi anahitaji maneno, mengi, na maneno yanaingia kwa hadithi, kwa nyimbo, kwa "Kitendawili!" na watoto wote wakaitika "Tega!" Bibi mmoja akiketi na watoto wa awali saa moja kwa wiki na hadithi za sungura na fisi, amefanya kazi ambayo mwalimu wa darasa la kwanza ataiona mwaka unaofuata. Msiombe radhi kwa kutojua kuandika. Njooni.

Baada ya kusoma, uji. Nchi yetu ina mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, na shule nyingi zinajitahidi kupika. Kwenye jiko la shule watu huhesabu kuni na unga, wanasahau ujuzi. Kuna akina mama hapa wanaopika kwa watu mia tatu kwenye shughuli na sufuria haiungui. Ujuzi huo unahitajika pale. Lakini kazi ninayoipa uzito zaidi ni ya ghala. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, na ukishaiingiza kwenye sufuria, moto hauiondoi. Kwa hiyo gunia lisikae sakafuni, likae juu ya chaga. Mahindi yaanikwe, yachambuliwe, yaliyoota ukungu au kubadilika rangi yatupwe, si kusagwa yaliwe na watoto kwa kuwa "ni ya bure". Mwalimu aliye darasani vipindi vyote hawezi kusimamia hilo. Wazazi wawili, siku moja kwa wiki, wakiwa na daftari la kuandika kilichoingia na kilichotoka, wanaweza. Na ukurasa ule ubandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi ili kila mzazi asome. Mahali penye chakula cha watoto wa watu hapatakiwi kuwa na siri.

Madawati nitayapitia haraka. Mwaka 2016 nchi nzima ilihangaikia madawati, na yalipatikana mengi kwa jasho la watu. Nendeni nyuma ya madarasa yetu muone yaliko: yamerundikwa, hili limelegea mguu, lile limechomoka ubao. Hapa mtaani kuna mafundi seremala na wachomeleaji wasiopungua idadi ya vidole vya mkono. Jumamosi moja kwa mwezi, msumari na nyundo, na mtoto anayekaa chini leo anakaa juu Jumatatu. Hapa nawataja akina baba kwa makusudi. Ukiangalia mikutano yetu, viti vimejaa kanga. Baba, mwanao anataka kukuona shuleni hata kama siku hiyo hakuna kesi.

Na barabara. Watoto wetu wanavuka barabara ya Kilwa asubuhi giza likiwa bado halijatoka, wakirudi wanasimama kituoni wakisubiri daladala ambayo konda hataki mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo. Watu wazima wawili wenye vizibao vinavyong'aa, wakisimama upande huu na upande ule kwa dakika arobaini asubuhi, wanatosha kuwavusha watoto kwa makundi badala ya mmoja mmoja kukimbia katikati ya magari. Jioni, mtu mzima akisimama kituoni, konda anafungua mlango. Vijana wa bodaboda wa kijiwe kile cha kona, nimeongea nao, nao wana wadogo zao hapa. Wako tayari.

Kuna kazi nyingine haionekani, na mimi naiheshimu kuliko zote. Mtoto anapoacha kuja shule, mwalimu anaandika "hayupo" kwenye daftari la mahudhurio. Siku tatu, wiki. Barua inaandikwa, inampata mzazi au haimpati. Jirani lakini anajua tangu siku ya kwanza. Anajua kwamba mama amelazwa na binti wa darasa la tano ndiye anayelea wadogo zake. Anajua kwamba yule mvulana anatembeza karanga stendi. Anajua kwamba familia imehama usiku kwa sababu ya kodi. Mzazi wa kujitolea mmoja kwa kila eneo, anayepewa kila Ijumaa majina ya watoto wasioonekana wiki ile, akapita kwao kwa salamu tu, bila vitisho vya mtendaji, anarudisha watoto wengi kuliko barua. Nimeona hilo likifanyika. Mama anayebisha hodi na kusema "dada, tumemkumbuka mtoto darasani" anafunguliwa mlango ambao afisa hafunguliwi.

Akina mama, kwa wasichana wetu wakubwa nina neno moja. Viwango vinasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, na kwa wavulana 25, na kila mmoja wetu anaweza kwenda kuhesabu mwenyewe yaliyopo. Wakati tunadai hayo kwa halmashauri, na tudai, msichana aliyeanza hedhi katikati ya kipindi anahitaji leo mtu mzima wa kike wa kumkimbilia, maji, kitambaa safi au taulo, na chumba chenye komeo. Mwalimu wa kike anayewalea wasichana, matroni wetu, ni mmoja. Mama mmoja akisaidiana naye, siku zake zikijulikana, tutapunguza zile siku tatu nne za kila mwezi ambazo binti anajificha nyumbani.

Sasa naingia kwenye jambo zito, naomba utulivu. Tunapofungua geti kwa watu wazima, tunawapa nafasi ya kuwafikia watoto wa watu. Kwa hiyo kuna masharti, na hayana mkubwa wala mdogo. Kila anayejitolea ajulikane kwa mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu, jina lake liandikwe. Hakuna mtu mzima kukaa na mtoto peke yake, mahali popote, kwa sababu yoyote. Wasomaji wanakaa chini ya mti, hadharani, wawili wawili. Hakuna kumpiga mtoto, hakuna kumtuma dukani, hakuna kumpa mtoto mmoja zawadi kwa siri. Picha za watoto zisipigwe na kurushwa kwenye makundi ya simu. Na ulichokiona darasani kibaki darasani. Ukimsikia mtoto wa jirani anashindwa kusoma neno "kaka", usiende kumtangaza bombani. Mtoto huyo akisikia amechekwa, hatafungua mdomo tena, na ile kazi yote imeharibika. Atakayevunja masharti haya ataombwa aondoke, hata awe mjumbe wa kamati, na kama ni jambo la jinai litakwenda polisi, halitamalizwa kifamilia.

Walimu wenzangu, nawageukia ninyi. Najua mnachokiogopa, kwa sababu niliishi humo. Mzazi akionekana dirishani mwalimu anahisi anachunguzwa. Mnaogopa atakayehesabu mara ngapi mwalimu ametoka nje kupokea simu, atakayesema mtaani kwamba mwalimu fulani hajui Kiingereza. Hofu hiyo ina sababu, na ndiyo maana nimesema lile la ulichokiona kibaki darasani. Lakini nawaomba mfikirie na upande wa pili. Mzazi ambaye hajawahi kukaa hata nusu saa mbele ya watoto 100 anadhani kazi yenu ni rahisi. Aliyekaa na watano tu chini ya mti, akatoka jasho, hatawadharau tena. Huyo ndiye atakayesimama kwenye mkutano wa mtaa kudai nyumba ya mwalimu. Huyo ndiye atakayesema kwa diwani kwamba shule inahitaji walimu wawili wa darasa la kwanza. Ninyi mkisema, mnaambiwa mnalalamika. Yeye akisema, anasikilizwa kama mpiga kura.

Na msimpe mzazi kazi ya kufagia tu. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi mzazi akijitolea tunamwelekeza kwenye fyekeo. Usafi ni kazi ya heshima, lakini fundi umeme apewe kuangalia swichi za darasa la sita, mhasibu apewe kukagua hesabu za kamati, na yule kijana aliyemaliza chuo na bado hajapata ajira asigeuzwe mwalimu wa bure wa vipindi ishirini kwa wiki. Huyo wa mwisho anahitaji ajira, na kumfundishisha bure mwaka mzima tukiita kujitolea ni kumdhulumu. Mzazi anajitolea saa moja au mbili kwa wiki kisha anarudi kwenye riziki yake. Mpaka huo uheshimiwe.

Kwenye riziki hapo nina neno la mwisho kwa ambao hawapo. Kuna mama anaamka saa kumi usiku kwenda Feri kununua samaki, anarudi saa mbili usiku. Kuna baba analinda getini zamu mbili. Kuna dada wa kazi anayelea mtoto wa marehemu dada yake na hapewi ruhusa. Mtu asije akasema hao hawajali watoto wao. Kwao jembe liwe la nyumbani: kukusanya vifuniko vya soda na kuvifunga kumi kumi vitumike kuhesabia darasa la kwanza, kufunika vitabu vya shule kwa kaki, au dakika kumi kabla ya kulala, mtoto asome kwa sauti na mzazi asikilize huku anachambua mchele. Kama mzazi hajui kusoma, asikilize vilevile, amuulize mtoto hadithi imesema nini. Hizo dakika kumi ziandikwe kwenye daftari letu kama kazi nyingine zote, kwa sababu ni kazi.

Daftari lenyewe liko mezani kwa mwalimu wa taaluma. Lina ukurasa wa kusikiliza kusoma, ukurasa wa awali, wa ghala na jiko, wa madawati, wa barabara, wa kutembelea watoto wasioonekana, na wa kazi za nyumbani. Kila ukurasa una siku na saa. Andika jina lako sehemu moja tu, siku moja tu, ile unayojua kwa hakika kwamba utakuja. Naomba majina machache yanayotimia kuliko kurasa zilizojaa. Watakaosikiliza kusoma watakutana na walimu wa darasa la kwanza na la pili Jumatano saa nane mchana, waonyeshwe kadi za silabi na namna ya kumsahihisha mtoto bila kumvunja moyo. Watakaokaa na wasichana wamwone matroni leo kabla hawajaondoka. Wa barabara tukutane Jumatatu saa kumi na mbili na robo asubuhi pale kituoni, vizibao kamati imeshavipata. Na mwisho wa muhula tutasomewa hapa hapa ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaosoma hadithi yote bila kusaidiwa, wangapi bado, na nani aliwasikiliza.

Ukurasa wa awali, Alhamisi saa tatu, nimeshajiandika. Nafasi ya pembeni yangu iko wazi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.